Siku Niliyomsahihisha Mama Sala

Mama yangu aliongoza sala nyumbani kwetu miaka yote ya utoto wangu, na kila siku aliikosea mahali palepale. Mimi ndiye niliyemsahihisha. Tangu siku hiyo hajaongoza tena, na sasa ana miaka sabini na kitu, kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee habari za ushindi wa elimu.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, ili anayetaka kunihurumia aache mapema. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Babati, nimesoma Babati mpaka kidato cha nne, na matokeo yalipotoka nikaendelea kukaa Babati bila mtu kunilazimisha. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Arusha. Nilitakiwa nilale siku mbili kwa shangazi, nikarudi jioni ileile kwa kisingizio kwamba nimeacha kuku anaatamia. Kuku alikuwepo kweli, ila hakuwa ameniagiza nirudi. Wadogo zangu hunitania kwamba nikifa roho yangu itaomba ruhusa ibaki jikoni. Nami huwarudishia, maana utani ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri tangu utotoni. Haya ninayoyaandika ni ya siku niliyoifanya vizuri kupita kiasi.

Sasa kosa lenyewe. Katika Baba Yetu tunayosali sisi Wakatoliki, pale mwishoni, tunamwomba Mungu atuopoe maovuni. Mama alisema "utuokote". Alisema hivyo asubuhi tukiamka, alisema hivyo kabla ya chakula, alisema hivyo akiwa anamfunga mgongoni mtoto mgonjwa kumpeleka zahanati. Sala hiyo aliipata akiwa msichana mdogo, kijijini kwao upande wa Dareda, kutoka kwa katekista aliyepita na baiskeli mara moja kwa wiki, watoto wote wakiitikia kwa pamoja kwa lugha ambayo nusu yao walikuwa hawajaijua. Nyumbani kwao walisema Kiiraqw. Kiswahili kilikuwa cha kanisani, dukani na kwa mganga wa zahanati. Neno "opoa" hakuwahi kulisikia mahali pengine popote, na nikiwa mkweli hata mimi sijawahi kumsikia jirani yangu akisema anakwenda kuopoa kitu. Lakini "okota" alilijua. Aliokota kuni, aliokota mayai, na wakati wa kupura maharage huko shambani Singe alishinda ameinama akiokota yaliyorukia nje ya turubai. Sikio lake lilikuwa limechagua neno lenye kazi.

Nasi watoto tukalichukua kwake kama tulivyochukua pua yake. Nilipokuwa nikisali utotoni nilimwona Mungu kabisa. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, ameinama uani kwetu, anatuokota mmoja mmoja, anatupuliza vumbi, anatutia kwenye ungo. Hakuna aliyenifundisha kwamba Mungu anavaa kitenge, na hakuna aliyenikataza, kwa sababu sikumwambia mtu. Niliogopa radi, niliogopa fisi, niliogopa mbwa wa nyumba ya tatu, lakini nilijua kwamba nikianguka popote kuna atakayeinama. Hiyo ndiyo dini niliyoingia nayo sekondari. Sijapata nyingine nzuri kama ile.

Baba alikuwa seremala. Yeye alisali kwa kunyamaza, kisha mwishoni anasema amina kwa sauti nzito, kama karani anayepiga muhuri. Sisi tulijua sala haijaisha mpaka baba apige muhuri.

Nilipoanza kidato cha kwanza, Babati ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao ya mkoa mpya wa Manyara. Watu walisema "mkoa umekuja", kana kwamba umeshuka kwenye basi na mabegi yake. Na kweli ulishuka. Mtaani kwetu Maisaka vyumba vilivyokuwa stoo za mahindi vilipigwa lipu vikapangishwa, watu wakaanza kupita asubuhi na mafaili kwapani, na dukani tukaanza kusikia Kiswahili kisichojikwaa. Nyumba ya jirani akaipanga mama mmoja aliyehamishiwa ofisi za mkoa, na sisi kwa kuwa hatukuwa wabunifu tukamwita Mama Mkoa. Alikuwa mtu mwema, nataka niliseme hilo kabla sijamwingiza kwenye aibu zangu. Alikuwa Mkatoliki kama sisi, akajiunga na jumuiya yetu ndogo ya mtaani, na alikuwa na binti wa rika langu ambaye tuliwekwa naye darasa moja. Binti huyo alizungumza kama mtangazaji wa redio. Mimi nilizungumza kama niliyelelewa na mama yangu.

Shuleni kwetu kulikuwa na kipindi cha dini siku ya Ijumaa. Tuligawanyika, Waislamu maabara ambayo haikuwa na kifaa hata kimoja, Walutheri chumba cha kidato cha tatu, walokole uwanjani kwa sababu ya sauti zao, nasi Wakatoliki bwaloni. Mwalimu wetu wa dini alikuwa kijana mpole, mwembamba, anayeandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Ijumaa moja akatutaka tusali mmoja mmoja mbele ya wenzetu, aone tulivyofundishwa nyumbani. Nilisimama bila woga. Sala ilikuwa kitu nilichokijua.

Nilipomaliza akaniambia, "Rudia hapo mwisho."

Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Utuokote maovuni."

Bwalo zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuka akaandika ubaoni "opoa", akaeleza kwamba ni kutoa kitu kilichozama. Akatoa na mfano ili tuelewe: mtu akizama ziwani pale chini, watu wanakwenda kumwopoa, hawaendi kumwokota. Alikuwa na haki, na alisema kwa upole, na mimi nilitamani sakafu initafune.

Kufikia mapumziko nilikuwa na jina jipya. Okota. "Mambo, Okota?" "Okota, kalamu yangu imeanguka." Mpaka dada wa kidato cha tatu, ambao huwa hawana habari na vidato vya kwanza, wakawa wananiita ili wanione ninageuka. Mtu wa utani anajua sheria: ukichekwa, cheka wa kwanza. Nikacheka wa kwanza kila siku kwa mwaka mzima. Nilikwenda nyumbani na mashavu yanauma.

Na nyumbani, jioni, mama akifumba macho kuanza sala, nikaanza kumsikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi. Nilisikia alivyokata neno katikati kutafuta pumzi. Nilisikia lafudhi ya kwao. Nilisubiri lile neno lifike kama mtu anayesubiri sindano, na lilipofika nilijibana. Kwa kumsikiliza vile nikawa nimeacha kusali naye, na sikugundua. Kimoyomoyo nilisema "utuopoe", nikajiona msafi.

Kwa nini sikumwambia taratibu, tukiwa wawili, tukiosha vyombo? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Jibu ni kwamba nilimwonea aibu, na mtu unayemwonea aibu humwambii kitu taratibu. Unakaa nacho mpaka kikutoke vibaya.

Kikanitoka mwezi wa kumi, nikiwa kidato cha pili. Mwezi huo ni mwezi wa rozari. Sanamu ya Bikira Maria huzunguka nyumba za jumuiya, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na inapolala ndipo watu wanapokusanyika kusali, na mama mwenye nyumba ndiye anayeongoza. Zamu yetu ilipokaribia mama alifagia uwanja siku tatu mfululizo kana kwamba vumbi la Babati lina mwisho. Aliazima mabenchi. Alitandika kitambaa chake cha kufuma, kile ambacho sisi hatukuruhusiwa kukigusa, akakiwekea maua ya uani kwenye glasi. Baba akarekebisha mguu wa meza uliokuwa unacheza tangu nizaliwe. Mama alifurahi namna ambayo kwa mtu mwingine ningesema ni kujivuna, ila yeye hakuwa na la kujivunia isipokuwa siku ile moja kwa mwaka ambayo watu walikuja kwake na yeye akawa mbele yao.

Mchana ule mimi nilisali. Nataka kulikiri hili kwa sababu nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyoomba kitu kwa moyo wote. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwomba Mungu mama akifika pale mwishoni apaliwe na mate.

Saa kumi watu wakaja. Walikuwa kama ishirini, wengi akina mama wa pale mtaani niliowajua tangu nikiwa natambaa, halafu Mama Mkoa na miwani yake, na binti yake. Binti akaniona, akaja kukaa mkekani ubavuni kwangu. Mama akavuta rozari yake, akaanza.

Baba Yetu tulisema wote kwa pamoja, sauti ya mama ikiwa mbele. Kwa miaka yote hapakuwa na aliyeona tatizo, kwa sababu pale mwishoni kila mtu alisema lake. Wengine waliopoa, wengine waliokota, kuna bibi mmoja nadhani alikuwa anasema neno la tatu kabisa, na yote yaliingiliana yakawa mvumo mmoja mzuri. Siku ile nilisikia sauti moja tu. Ilisema "utuokote", wazi, kwa furaha.

Binti wa Mama Mkoa akageuza shingo akanitazama. Hakucheka. Alisogeza mdomo sikioni kwangu akasema, "Kumbe ni ya ukoo."

Tukapita tendo la kwanza kati ya matano ya rozari, ambayo kila moja lina Baba Yetu yake. Tukapita la pili, na neno likapita tena, na nikahisi bega lake linatikisika kwa kicheko alichokimeza. Nikaona Jumatatu inavyokuja. Nikaona bwalo. Nikaona sasa hawatanicheka mimi peke yangu, watamcheka na mama, na badala ya kumkinga nikaona njia moja tu ya kutoka: nisimame upande wa wanaocheka.

Tendo la tatu, mama akamaliza Baba Yetu. Kuna pumzi kidogo pale kabla ya Salamu Maria. Nikaichukua pumzi hiyo.

"Mama, ni utuopoe," nilisema, wote wakisikia. "Utuokote, kwani sisi maharage?"

Ulikuwa utani mzuri. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba ulikuwa mzuri, ulikuwa na mizani, na nilijua hivyo kabla haujanitoka. Watu wakacheka. Walicheka kama wanavyocheka watu waliokaa kimya muda mrefu kwenye sala, kicheko kisicho na breki. Mama Mkoa alivua miwani akafuta macho. Akacheka hata bibi mmoja wa benchi la mbele ambaye, kwa masikio yangu haya, alikuwa ametoka kusema "utuokote" sekunde ile ile. Baba hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaitazama kofia.

Mama alikuwa ameshika punje ya rozari kati ya vidole viwili. Alitabasamu, tabasamu lile unalompa mgeni aliyekukanyaga kanisani ili asijisikie vibaya. Akanyoosha mkono akanipa rozari.

"Haya, endelea wewe mwanangu. Wewe ndiye unayesoma."

Pale palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ningeweza kusema hapana mama, endelea. Ningeweza hata kulia, maana watoto wa kike tunaruhusiwa. Nikaipokea rozari. Nikaongoza matendo matatu yaliyobaki, nikaongoza na litania yote ya Bikira Maria bila kitabu, kila silabi mahali pake, sauti imenyooka kama ya binti wa redio. Nilijisikia vizuri sana. Niseme ukweli, nilisikia utamu.

Baadaye kwenye chai Mama Mkoa alimwambia mama, kwa nia njema kabisa, "Hongera dada. Shule inaonekana." Mama akamshukuru, akamwongezea chai. Wengine wakasema eti huyu atakuwa sista. Binti wa Mama Mkoa hakuniita Okota tena, na kwa kuwa jina lile lilikuwa linaishi mdomoni kwake, likafa shule nzima. Nilipata kila nilichokitaka.

Jioni tukakaa kula. Ugali mezani, mboga mezani, tukafumba macho tukasubiri. Tukasubiri sana. Nilipofungua jicho moja, mama alikuwa amefumba yake na mikono ameikunja, kimya.

"Msomi atuongoze," alisema.

Nikadhani ni hasira ya jioni moja. Nikaongoza haraka haraka ugali usipoe. Kesho yake akasema hivyo hivyo, na kesho kutwa, na hakukuwa na hasira ndani yake, ndiyo maana sikuweza kuipinga. Ilikuwa imekuwa desturi ya nyumba, kama vile mdogo wangu alivyokuwa na zamu ya kuchota maji. Baba aliniambia mara moja tu. Nilikuwa namshikia ubao anaoupiga randa, akasema bila kuinua macho, "Umemziba mama yako mdomo. Na mdomo ule ndio uliokuwa unatuombea." Akaendelea na randa. Hakulisema tena.

Nilichokifanya hakikubaki kwetu. Tulivyoendelea kuzunguka na sanamu nyumba kwa nyumba, wale akina mama walikuwa wakifika pale mwishoni wanapunguza sauti. Waliogopa. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme kwanza, na ule mvumo ukatoweka, tukabaki tunasikika watu wawili, mimi na Mama Mkoa, tunaopoa peke yetu. Nilikuwa nimezima jumuiya nzima kwa utani mmoja, na badala ya kunichapa wakanipa kazi ya kufundisha watoto katekisimu.

Nikaifundisha. Shuleni nako nikawa wa kwanza katika somo la dini. Nilijua mapaji saba ya Roho Mtakatifu kwa mpangilio, nilijua tofauti ya dhambi hii na dhambi ile, na mwalimu wetu mpole aliwatolea wengine mfano wangu. Lakini kila nilipofumba macho kusali nilisikia sarufi. Yule Mungu wa kitenge alikuwa ameondoka uani kwetu. Mahali pake alikuja mwingine anayepita kati ya madawati taratibu, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani, na mimi nilikuwa nimeinamia karatasi namwonyesha majibu. Simlaumu mwalimu. Alinifundisha maana ya neno, ambayo ndiyo kazi yake. Hakunifundisha kulipeleka nyumbani nikampige nalo mtu.

Kidato cha nne nilifaulu dini na Kiswahili. Katika masomo mengine yote Mungu yule wa mtihani aliniacha nizame, wala hakuja kuniopoa. Nikarudi nyumbani nikakaa. Nilifuga kuku, nilishona mashuka, nilipika, na jioni niliongoza sala. Wadogo zangu wakaolewa na kuoa, mimi nikakawia. Miaka ikapita na hakuna jioni hata moja niliyosahau mstari, na hakuna hata moja ambayo katika sala ile nilikuwa namwambia yeyote jambo.

Baba aliugua kifua nikiwa tayari mtu mzima, akalazwa pale hospitalini mjini. Siku ya tatu hali yake ilikuwa mbaya, na saa ya kuona wagonjwa mama akanigusa bega akaniambia nimsalie baba. Nikasimama kando ya kitanda nikasali, vizuri kama kawaida. Baba alikuwa ananitazama. Nilipomaliza nikasubiri amina yake. Haikuja.

"Mwache mama yako asali," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipia kila neno pumzi. "Hiyo yako nimeisikia sana."

Mama alisita. Kisha akasogea, akaweka mkono juu ya shuka, akaanza. Sauti yake ilikuwa imefanya kutu, lakini ilikuwa ni ile ile, ikikata neno katikati kutafuta pumzi, na mimi nikainamisha kichwa nikijua baada ya miaka yote nitalisikia tena lile neno. Nililingoja kwa hamu kuliko nilivyowahi kungoja kitu. Akafika pale. Akasimama. Akanigeukia, uso wake ukiwa uso wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Ni lipi lile?"

"Lolote, mama," nilisema.

"Hapana. Usinidanganye mbele ya baba yako. Lipi?"

Baba alikuwa anatutazama sote wawili. Nilisema, kwa sauti ndogo, "Utuopoe."

Akalisema. Alilisema polepole, silabi moja moja, kama mtu anayesoma cheti cha daktari asichokielewa. Baba akageuza uso ukutani. Alipona, namshukuru yeyote ninayepaswa kumshukuru, akarudi kwenye mbao zake na akaishi miaka kadhaa. Lakini hakumwomba tena mama ombi hilo, wala mama hakujitolea.

Sasa baba hayupo na nyumba ina watu wawili. Mwaka jana, asubuhi moja ya jua, nilikuwa nimemkalisha mama kwenye kiti uani, mguu wake mapajani kwangu, namkata kucha. Macho yake hayamtoshi tena kwa kazi hiyo. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye la kukiri, kwa sababu huna sababu ya kuinua uso. Nikamwambia mama, siku ile ya rozari nilikukosea, nakuomba unisamehe.

Hakuuliza siku gani. Alisema watu walicheka kweli, na kwamba hata yeye alicheka, usiku jikoni, peke yake, maana nilikuwa na mdomo, yaani sikumwachia mtu. Nikamuuliza kama alicheka, mbona basi hakuongoza tena.

Akanyoosha kitenge chake magotini.

"Niliuona uso wako kabla hujasema," alisema. "Tangu tendo la kwanza nilikuwa nakuona. Ulikuwa unanionea aibu. Nikasema moyoni, mtoto akimwonea aibu mama yake kwa sababu ya sala, ataviacha vyote, mama na sala. Nikaona bora sala nimpe yeye. Mimi hata nikinyamaza, Mungu ananijua."

Nilikuwa nimeshika kidole chake kidogo, kile kilichopinda. Ningeweza kumwacha na faraja hiyo. Wanaojua kuishi na wazee wangemwacha nayo. Lakini nilikuwa nimemdanganya kwa miaka zaidi ya ishirini, mara mbili kwa siku, kwa Kiswahili fasaha, na nikaona kwamba nikikubali na hili nitakuwa nimemuuzia kitu ambacho hakipo.

"Mama, mimi sisali," nilisema. "Naongoza tu. Tangu siku ile ni maneno."

"Hata kwa baba yako? Wodini?"

"Hata pale."

Alitoa mguu wake mapajani kwangu. Hakuutoa kwa nguvu. Alitafuta kandambili kwa kidole, akaivaa, kucha tatu zikiwa bado hazijakatwa.

"Sasa nilimpa nani?" aliuliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata hata utani. Aliingia ndani. Nilimsikia akipanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Jioni nilipika wali, tukakaa. Hakusema msomi atuongoze. Alifumba macho, na midomo yake ikaanza kutembea bila sauti, kwa muda mrefu, Kiiraqw au Kiswahili sikuweza kujua. Mimi niliacha macho yangu wazi. Nilimtazama mpaka akamaliza, akasogeza sahani yangu karibu na mimi, akasema tule, chakula kinapoa.